Siku Tisa Japani bila Mkalimani

Mkalimani wetu aliniagia kituo cha treni cha Ueno, jijini Tokyo, Jumamosi moja ya Juni, saa nne asubuhi. Wenzangu, walimu kutoka nchi tano, walikuwa wanakwenda uwanja wa ndege wa Narita kurudi makwao. Mimi nilikuwa nimeomba kubaki siku tisa zaidi kwa fedha yangu mwenyewe, niliyoidunduliza miaka mitatu. Wiki nzima ya mafunzo, yule mama wa Kijapani ndiye aliyekuwa mdomo wetu na masikio yetu: alituagizia chakula, alitusomea vibao, alitujibia maswali ya wenyeji. Sasa aliinama kuniaga, akanikabidhi kwa mikono miwili kadi ngumu yenye ukubwa wa karata, imeandikwa kwa wino mweusi.

"Usiipoteze, sensei," aliniambia kwa Kiingereza. Sensei kwao ni mwalimu. "Kabla hujala popote, waonyeshe hii."

Kadi ilikuwa na mistari minne, akanifasiria mmoja baada ya mwingine. Mimi ni Mwislamu. Sili nguruwe wala kitu kilichopikwa kwa mafuta yake. Situmii pombe, hata ile ya kupikia. Naomba radhi kwa kuwasumbua. Nyuma ya kadi aliandika alama moja tu, kubwa, ya neno nguruwe, ili niitambue nikiiona kwenye pakiti za vyakula. Kisha akapita geti la tiketi pamoja na wenzangu, nikabaki na sanduku langu, mwavuli na ile kadi.

Tangu nirudi Tanga watu wananiuliza swali lile lile: uliwezaje kukaa na watu wasiozungumza Kiingereza? Jibu langu huwashangaza. Kiingereza kilinifaa kidogo, kwenye vituo vikubwa na kwenye hoteli moja. Kwingine kote kilichonivusha ni Kiswahili, na nitaeleza kwa vipi.

Kwanza hofu yenyewe. Ukienda nchi inayoandika kwa herufi zetu, hata kama lugha huijui, unaweza kusoma jina la mtaa ukalilinganisha na lililo kwenye karatasi yako. Japani wanaandika kwa mifumo mitatu, na yote mitatu huweza kukutana ndani ya sentensi moja. Kuna hiragana na katakana, kila mmoja una alama 46 za msingi. Halafu kuna kanji, alama zenye asili ya China, ambazo mtoto wao hufundishwa 1,026 katika shule ya msingi peke yake, na orodha ya zile za matumizi ya kawaida ina 2,136. Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka 18. Nimeshika vidole vya mamia ya watoto kuwaongoza waandike "a". Pale Ueno niligeuka kuwa kama wao: mtu mzima, mwenye cheti na kazi, nisiyeweza kusoma neno "choo". Nilimkumbuka mtoto mmoja niliyewahi kumkaripia mbele ya wenzake kwa kushindwa kusoma ubaoni. Uchungu wake niliuelewa siku ile.

Safari yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa fupi, kwenda Asakusa, kwenye nyumba ndogo ya wageni niliyokuwa nimeshailipia. Treni za chini ya ardhi hazikunisumbua. Kila njia ina rangi na herufi yake, na kila kituo kina namba. Ueno ni G16, Asakusa ni G19, rangi ya machungwa. Unahesabu vituo vitatu, unashuka. Na penye uhitaji wa maneno wameweka michoro, jambo ambalo wamelifanyia kazi kwa muda mrefu. Tokyo ilipoandaa Olimpiki mwaka 1964, waandaaji walijua kwamba wageni wengi hawataweza kusoma chochote, hivyo kundi la wasanifu likiongozwa na Masaru Katsumi lilichora alama za kila mchezo na za huduma kama vyoo. Miongoni mwa walioelekezwa na michoro ile alikuwamo Wilson Kiprugut wa Kenya, aliyeondoka Tokyo na medali ya shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Na yule mtu wa kijani anayekimbilia mlangoni, tunayemwona juu ya milango ya dharura katika majengo yetu, aliyemchora ni Mjapani, Yukio Ota.

Shida ilianza nilipotoka juu. Mvua ya Juni kwao ni masika yao, wanaiita tsuyu, na siku ile ilikuwa inashuka kwa hasira. Simu yangu ilikuwa imezima kwa kukosa chaji. Nilikuwa na anwani kwenye karatasi: jina la eneo, halafu namba tatu. Nikazunguka nikitafuta jina la mtaa, sikuliona, kwa sababu halipo. Kwetu Ngamiani, jijini Tanga, barabara ndizo zenye namba. Ukimwambia mtu barabara ya kumi na mbili anajua aelekee wapi. Tokyo kinachopewa namba ni kipande cha ardhi kilichozungukwa na mitaa, na ndani yake kila nyumba ina namba yake, huku mitaa mingi ikipita bila jina. Nilizunguka kama nusu saa. Upepo uliupindua mwavuli wangu ukavunjika, nikaingia duka dogo nikaonyesha kwa mikono kwamba nataka kitu cha kujifunika. Muuzaji akaniletea koti la mvua, akasema, "Kappa?"

Baadaye nilisoma kwamba neno hilo waliachiwa na Wareno, kutoka capa, joho. Wareno walifika Japani mwaka 1543, nusu karne kabla hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Sisi walituachia meza, bendera na leso. Wao waliachiwa koti la mvua.

Nikiwa ndani ya kappa yangu nilikiona kibanda cha polisi, kile wanachokiita koban. Vibanda hivi viko kila kona ya miji yao, na kazi yake kubwa mojawapo ni kuelekeza watu. Askari kijana aliniona nimesimama mvuani nikisita, akaniita kwa mkono. Kiganja kilitazama chini, vidole vikivuta hewa kuelekea kwake, vilevile kama tunavyoitana sisi. Nilishasikia wenzangu wa Ulaya kwenye mafunzo wakilalamika kwamba ishara ile huwachanganya, wanadhani wanafukuzwa. Mimi miguu ilianza kutembea kabla sijafikiri. Akaitandaza ramani kubwa ya karatasi mezani, akaweka kidole tulipo, akaweka kingine kwenye nyumba yangu, kisha akachora njia kwenye kijikaratasi: kona, kona, mti, nyumba. Hatukubadilishana neno hata moja lililoeleweka, na dakika nne baadaye nilikuwa mlangoni.

Mlango ulikuwa wa mbao, wa kuburuza, umefungwa. Hakukuwa na kengele niliyoiona. Nikafanya nilichofundishwa na bibi yangu. Nikaita, "Hodi!"

Kutoka ndani sauti ya mwanamke ikaitika kwa kuvuta, "Haaai!"

Baadaye alinifundisha hodi ya kwao, gomen kudasai, lakini ile yangu ilifanya kazi sawasawa. Alikuwa mama wa makamo ya kuelekea uzee, kama miaka sabini, amevaa aproni. Akanitazama kuanzia mtandio hadi viatu, akaushika mkono wa gauni langu ukamchuruzikia vidoleni, akasema kwa mshtuko, "Bishobisho!"

Sikuhitaji mkalimani. Nikajibu, "Chepechepe!"

Alinyamaza kidogo, akanitazama, kisha akalirudia polepole, silabi moja moja, che-pe-che-pe, huku akiukamua mkono wa gauni. Halafu akacheka kwa furaha na kunivuta ndani. Viatu nilishavua kabla hajasema. Akaleta taulo mbili, akaninywesha chai ya moto isiyo na sukari, na tangu siku ile hatukuwa wageni tena.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa. Kijapani kimejaa maneno ya namna ile, yanayorudia sauti yakaonyesha hali ya kitu, na sisi tunayo tele. Wanafunzi wetu huyasoma kama tanakali za sauti. Mzungumzaji wa Kiingereza akiambiwa bishobisho anaweza kuona ni mchezo wa watoto. Mswahili anajua papo hapo kwamba ameambiwa jambo zito, kwa sababu kwake pia mtu hulowa chepechepe na nguo huwa nyeupe pepepe. Siku zilizofuata mimi na yule mama tulibadilishana maneno hayo kama watoto wanaobadilishana gololi. Mvua nyembamba ya asubuhi kwao ni shitoshito, kwetu rasharasha. Njaa ikiuma ni pekopeko. Sakafu aliyoipiga deki ikang'aa ni pikapika. Kila nililompa alilirudia bila kuliharibu, na kila alilonipa lilinikaa mdomoni kana kwamba nilizaliwa nalo.

Sababu iko kwenye irabu. Kijapani kina irabu tano, na ni zilezile zetu, a, e, i, o, u, na karibu kila silabi huishia na irabu. Yasome majina Asakusa, Yokohama, Nagoya na Osaka kama ungesoma Korogwe au Pangani, na utaeleweka. Nilimsikia mgeni mmoja kituoni akiuliza njia ya Ueno kwa matamshi ya Kiingereza, akaanza na "yu", na mfanyakazi wa kituo akimtazama bila kuelewa. Nikamsaidia kwa kulitamka kama lilivyoandikwa. Tahadhari zipo. Sisi huikaza silabi ya pili kutoka mwisho, wao hawafanyi hivyo, na mkazo wetu unasikika. Pia urefu wa irabu kwao hubadili maana: obasan ni shangazi, obaasan yenye "a" ndefu ni bibi, na mwanamke wa miaka hamsini anaweza kuumia ukimvutia irabu.

Siku ya pili niliingia duka la vitu vya bei moja, yen 100, nikaona chati ya ukutani ya watoto wa chekechea. Nilisimama mbele yake nikasahau nilichofuata. Ilikuwa chati yangu ya darasani! Mstari wa kwanza: a, i, u, e, o. Wa pili: ka, ki, ku, ke, ko. Wa tatu: sa, shi, su, se, so. Mpangilio wa irabu unapishana na wetu kidogo, lakini ni ileile ba, be, bi, bo, bu ambayo nimeiimbisha watoto wa Tanga miaka 18. Hiragana na katakana haziandiki herufi, zinaandika silabi, na mtoto wetu huanza kusoma kwa silabi. Mtu aliyejifunzia kusoma kwa Kiswahili ameshafika nusu ya njia.

Nilinunua chati ya katakana, kwa sababu hiyo ndiyo wanayoandikia maneno yaliyotoka nje. Usiku nilijifundisha kama ninavyofundisha wengine: mistari miwili kila siku, naandika, natamka, nafuta, naandika tena. Niligundua kwamba vidoti viwili pembeni mwa alama hugeuza ka kuwa ga, sa kuwa za, ta kuwa da, ha kuwa ba. Siku ya tano asubuhi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo ya kituo cha basi. Juu yake kulikuwa na alama mbili. Ya kwanza ilikuwa ha yenye vidoti viwili. Ba. Ya pili nikaitafuta kichwani. Su. Basu. Nililisoma kwa sauti, mzee mmoja aliyekuwa pembeni akageuka, na mimi machozi yakanilengalenga. Nimewaona watoto wengi wakipata neno lao la kwanza. Sikuwahi kufikiri nitalipata la kwangu mara ya pili.

Baada ya hapo mji ulianza kusomeka. Hoteru. Takushii. Keeki, ambayo ni keki. Suupu, ambayo ni supu. Wanayapachika maneno ya kigeni irabu mwishoni kama sisi, hivyo ukishalitamka neno lao mara mbili tatu unalisikia neno lako ndani yake. Na faida yake haikuwa ya kujifurahisha tu. Dukani nilichukua pakiti ya biskuti, nikakagua viungo nyuma. Alama ya nguruwe kutoka kwenye kadi yangu haikuwamo. Lakini palikuwa na neno la katakana nililolisoma kwa kidole: ze-ra-chi-n. Nikalirudia mpaka likafunguka. Jelatini. Sikujua imetoka kwa mnyama gani, nikairudisha rafuni.

Chakula ndicho kilichohitaji uangalifu kuliko yote. Migahawa mingi huweka dirishani vielelezo vya vyakula vilivyotengenezwa kwa plastiki, vizuri kiasi kwamba unaona mpaka mafuta yakielea juu ya mchuzi, na asiyejua lugha anaweza kumwita mhudumu nje akamwonyesha kwa kidole. Hilo linatosha kwa anayekula kila kitu. Kwangu haikutosha, maana kielelezo hakikuambii mchuzi umechemshwa na mifupa ya nini. Jioni moja niliingia kwenye mgahawa wa tambi wenye viti saba tu. Nikamkabidhi mpishi kadi kwa mikono miwili. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, huku sufuria ikichemka nyuma yake. Kisha akavuka mikono yake kifuani kama alama ya kosa, ishara yao ya "haiwezekani", akaonyesha sufuria, akainama sana. Nilishukuru nikageuka kutoka. Alizima moto, akavua aproni, akachukua mwavuli, akatoka nami. Tulitembea mpaka mwisho wa kichochoro, akaingia mgahawa mwingine, akamsomea mwenyewe kadi yangu kwa sauti, wakazungumza, akaniinamia tena, akarudi kwenye wateja wake. Nimekula katika nyumba nyingi duniani na sijawahi kupelekwa chakulani kwa heshima kama ile.

Mwenye mgahawa ule wa pili aliniambia, "Saba."

Nilidhani anataja bei au dakika. Nikaonyesha vidole saba. Akatikisa kichwa, akafungua jokofu, akatoa samaki: mgongo wa buluu wenye mistari ya kupindapinda, tumbo jeupe, mkia mwembamba. Ndugu yake kibua! Saba kwao ni samaki, na yule pale alikuwa wa jamaa moja na wale tunaowanunua asubuhi ufukweni kwa mafungu. Alimpaka chumvi tu, akamchoma mpaka ngozi ikatoa malengelenge, akaniwekea na wali. Nilipomaliza nikamwonyesha vidole saba, nikajionyesha mimi, nikasema, "Swahili, saba." Akahesabu vidole vyangu kwa Kijapani hadi saba, akaelewa, akamwita mkewe aje asikie.

Chenji alinipa kwenye kisahani, kama desturi yao ilivyo. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya rangi ya shaba yenye tundu katikati, isiyo na tarakimu hata moja ya thamani yake. Imeandikwa kwa kanji peke yake. Ni yen tano. Nyingine zote niliweza kuzisoma, hiyo ilinibidi niulize. Bibi yangu aliwahi kunionyesha senti kumi za zamani za Afrika Mashariki, nazo zilikuwa na tundu. Nimeiweka ya Japani pamoja na ya bibi.

Neno jingine lilitaka kuninyima chakula bila sababu. Kwenye duka la usiku nilichukua tonge la wali lililofungwa kwa mwani, nikamwonyesha kijana wa kaunta nikamuuliza, "Nani?" Neno hilo kwao huuliza "nini". Akajibu, "Sake." Nikaliweka chini kama limeniunguza, kwa kuwa nilijua sake ni pombe yao. Aliutazama mtandio wangu, akachukua risiti, nyuma yake akachora samaki mwenye mapezi na jicho. Sake pia ni jina la samaki salmoni. Hutamkwa karibu sawa, huandikwa tofauti, na ile kanji ya samaki ina upande wa kushoto alama ndogo yenye maana ya samaki. Kijana yule akanionyesha hata namna ya kufungua karatasi yake, inayofuata namba moja, mbili, tatu, ili mwani usichanike.

Simu nayo? Niliitumia, na sitaki kuidharau. Kamera yake ilinisomea tangazo la mabadiliko ya treni ambalo lingenikwamisha. Lakini kwenye mazungumzo ilinitia aibu mara moja. Usiku mmoja mama mwenye nyumba alinikaribisha chakula, nikaandika kwa Kiswahili sentensi ndefu yenye shukrani, methali na maelezo kwamba nimeshiba. Akaisoma tafsiri, akakunja uso kwa wasiwasi, akaenda jikoni kuniletea sahani nyingine. Sijui simu ilimwambia nini. Nikaiweka pembeni, nikapapasa tumbo nikasema, "Onaka ippai," tumbo limejaa, maneno mawili aliyonifundisha jana yake. Akacheka, akaketi. Tangu hapo nikiitumia simu naandika sentensi fupi, yenye mtenda wazi, isiyo na methali.

Mama huyo nilimwita okaasan, mama, kwa sababu nilisikia wateja wengine wakimwita hivyo. Wajapani humwita mtu wasiyemjua kaka, mjomba, mama au bibi kulingana na umri wake, na kwa Mswahili hilo ni nyumbani kabisa. Wana pia neno otsukaresama, la kumwambia aliyetoka kazini. Mkalimani wetu alihangaika sana kulipeleka kwenye Kiingereza siku zile za mafunzo. Kwetu ni pole na kazi, mwisho wa maelezo.

Jioni ya mwisho Asakusa alikuja mpwa wa okaasan kwa gari. Nikakumbuka jambo. Nyumbani nina gari dogo, Toyota Vitz lililotumika Japani kabla ya kuletwa bandarini kwetu, na kila nikiliwasha mwanamke asiyeonekana hunisemesha. Miaka sita ananiambia sentensi ileile kila asubuhi. Wengi wenye magari ya Japani wanaifahamu. Sikuwahi kujua maana yake, lakini nimeisikia mara nyingi mno kiasi cha kuikariri. Nikamtazama mpwa yule, nikaitamka yote kwa pumzi moja: "Iitiishii kaado ga soonyuu sarete imasen."

Okaasan aliacha kukunja taulo. Yule kijana alinikodolea macho, kisha akauliza kitu kwa Kijapani cha haraka, akidhani naelewa. Nikatikisa kichwa, nikafanya ishara ya usukani na ufunguo. Akaelewa, akaandika kwenye simu yake, akanionyesha. Sauti ile inaarifu kwamba kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wao wa kulipia barabara za kulipia bila kusimama getini; kisanduku kilicho kwenye gari langu kinaitafuta kadi ambayo mwenyewe wa kwanza aliichomoa kabla ya kuliuza. Kijana akaniomba niitamke tena, akanirekodi. Hakuna mtu aliyenifundisha matamshi yale. Nilikuwa nimeyapokea kwa sikio la Kiswahili tu.

Kutoka Tokyo nilikwenda Kobe kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi iliyoanza safari zake mwaka uleule wa Olimpiki, 1964. Ni chini ya saa tatu, na tiketi inasomeka kwa tarakimu: namba ya behewa, namba ya kiti, na sakafuni kwenye jukwaa imeandikwa kila behewa litasimama wapi, nalo husimama hapohapo. Kobe nilitaka kuswali Ijumaa kwenye msikiti wa kwanza kujengwa Japani, uliofunguliwa mwaka 1935 na ukabaki umesimama baada ya mabomu ya mwaka 1945 na tetemeko la ardhi la 1995. Hotuba sikuielewa isipokuwa aya zake. Imamu aliposema Allahu akbar, kizuizi cha lugha kiliondoka kwa dakika zote za swala. Baadaye mwanamke wa Indonesia aliketi karibu yangu akanipa tende. Hakujua Kiswahili, nami sijui lugha yake, lakini tulianza kugusa vitu na kuvitaja. Meza kwake ni meja. Sabuni ni sabun. Dunia ni dunia, bendera ni bendera, na wanaposalimiana huulizana kabar, habari. Tulikaa saa nzima.

Nimerudi darasani. Chati ya katakana nimeitundika kando ya chati yetu ya silabi, na watoto wa darasa la kwanza wanaimba ka, ki, ku, ke, ko bila kuona ajabu yoyote. Daftari langu lina maneno na sentensi 112 za Kijapani, nimeziandika kwa tahajia ya Kiswahili, kila moja na mahali nilipoihitaji. Vitabu vya maongezi nilivyobeba vilikuwa vya Kiingereza, na matamshi yake yalinipoteza mpaka nilipoviacha sandukuni. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, na redio ya NHK inatangaza kwa Kiswahili. Wajapani wameshakuja kwetu kwa lugha yetu. Ninyi mliosoma Japani, mabaharia mlioshuka bandari zake, na mnaofuata magari kwenye minada yake, andikeni mliyoyajifunza kwa Kiswahili, hata kama ni ukurasa mmoja, mumpe anayefuata. Na wewe unayejiandaa kwenda, anza na chati ya katakana mwezi mmoja kabla ya safari, mistari miwili kwa siku, na mwombe anayejua Kijapani akuandikie kadi ya usichokula kabla hujapanda ndege.

Ya kwangu bado ninayo. Imelowa pembe moja, lakini inasomeka.